Eda Niliyoikaa Mara Mbili

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenipa kinywa cha kusema na miguu ya kunifikisha hapa. Nyie kina mama mmeniomba nieleze maradhi yangu. Kinywa hakijawahi kunisumbua, iliyonisumbua ni miguu. Kaeni vizuri basi. Anayetaka kukohoa akohoe sasa.

Mimi ni Tatu binti Salum, Mzaramo wa bonde la Ruvu. Kule bondeni nililima mpunga mpaka wajukuu wakaota ndevu, na kuni zangu nilizibeba mwenyewe kichwani. Mume wangu, Mzee Kibwana, alikuwa mtu wa maneno machache, kwa kuwa yangu yalitutosha sote wawili. Jirani yetu alikuwa Malunde, Mnyamwezi aliyekuja pwani ujanani kukata mkonge, akasilimu, akaoa, akafiwa na mke, akabaki papa hapa.

Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, hilo halina haja ya kuelezwa. Mtani hana adabu na wala hatakiwi kuwa nayo. Malunde akipita ninapika, atafunua chungu, atakula, kisha atasema hakina chumvi. Ukifiwa, mtani atakuja kukuchekesha katikati ya kilio, na yeye huyo huyo ndiye wa kwanza kushika jembe la kuchimba kaburi. Miaka thelathini tulitukanana hivyo, wala sikumbakishia.

Mume wangu akafariki. Nikaingia eda, miezi minne na siku kumi, sitoki, sijipaki wanja, sijifukizi udi. Kila siku nilitia punje moja ya hindi ndani ya kibuyu ili nisipoteze hesabu. Mto ulipokuja, kibuyu kilikuwa na punje arobaini na mbili.

Mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi huko juu. Asubuhi, nimetoka kuswali, nikaona maji yameingia uani. Mara yamefika kwenye vifundo vya miguu, mara magotini. Watu wakapiga kelele wakikimbilia kilimani. Mimi nikapanda juu ya kitanda cha kamba nikakaa. Mjane hutoka vipi nyumbani kwa mumewe kabla ya siku zake?

Malunde akaingia, maji yako kifuani mwake.

"Toka, mtani!"

"Sitoki. Nimo edani."

"Eda gani hiyo, utakaa na kambale? Panda mgongoni!"

Nikamtukana. Akanishika mikono yote miwili, akanitupia mgongoni kama gunia la mpunga, akatoka nami. Kanga ya kichwani ikachukuliwa na maji. Kijiji kizima kilikuwa kule kilimani, na kijiji kizima kiliniona: mjane wa siku arobaini na mbili, kichwa wazi, mgongoni mwa Mnyamwezi. Wakapiga vigelegele kwa furaha. Nyuma yetu nyumba ikaanguka, niliisikia kabisa. Hata hivyo sikushukuru, nilitamani ningekuwa mle ndani.

Tukalala shuleni kwa muda, halafu serikali ikatuhamishia huku juu, upande wa Zinga. Nyumba zilikuwa nzuri, sitasema uongo. Zina bati, zimepangwa mistari, mlango unatazama barabara. Tukapewa unga na mablanketi. Lakini ua hazikuwa nao. Mwanamke wa pwani asiye na ua akae wapi, barabarani? Nikaingia chumba cha ndani, nikatandika mkeka.

Na hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Nyumba ya mume wangu imekwenda na maji, kibuyu kimekwenda, na mwanamume asiye ndugu yangu amenibeba mbele za watu. Nikajiambia eda ile imeharibika. Nikaanza upya, punje ya kwanza. Sikumuuliza mtu, maana aibu haiulizwi. Binti yangu Mwanahawa alihamia kwangu kunitunza, na siku moja akasema, "Mama, mbona kwa hesabu yangu eda imekwisha?" Nikamjibu, "Mjane ni mimi au wewe?" Kisha nikamweleza sababu, nikamkataza kuitoa nje.

Ugonjwa ukaja polepole. Kwanza kuchoka. Halafu masikio yakawa yanavuma, viganja vikawa vyeupe. Nikawa natamani udongo. Msicheke! Nilikuwa nabandua ukuta wa nyumba ya serikali na kuutafuna. Miguu ikavimba, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki pale pale. Nilikaa kutwa nzima nimekunja magoti, makalio yakatoka vidonda, vidonda vikaanza kunuka. Udi wa kufukuza harufu sikuweza kuuchoma, mjane hajifukizi. Mwisho magoti yakakauka, hayanyooki tena. Kwenda chooni nikawa nasota kwa matako yenye vidonda, na safari nyingine sikuwahi.

Malunde alipewa nyumba ya kuvuka barabara. Kila asubuhi alisimama nje akaita, "Mtani, hujafa tu?" Sikumjibu. Nilikuwa na hasira naye, tena kali. Siku moja akamsimamisha Mwanahawa.

"Mzaramo huyu hanitukani siku nyingi. Mzima wa afya hawezi kunyamaza hivi. Anaumwa?"

Mwanahawa akalia, akamwambia yote. "Mama amerudia eda, baba, kwa sababu ulimbeba."

Malunde alichukua fimbo yake, akaenda Bagamoyo mjini kwa miguu, akarudi kesho yake na mwalimu aliyemsomesha mume wangu Kurani. Mwalimu akakaa nje ya mlango, pazia katikati yetu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa unakaa eda mara ya pili. Nani kakuamuru?"

Nikajifunika kanga usoni.

"Sikiliza, Tatu. Maji yamechukua nyumba, hayakuchukua siku zako. Kukimbia mauti ni dharura, na aliyekubeba alikuokoa. Siku zako ziliendelea hata ulipokuwa mgongoni mwake. Eda yako imekwisha zamani. Toka nje, mwanangu."

Jamani! Nililia kama mtoto. Miezi yote ile nilikuwa najifunga kwa kamba niliyoisokota mwenyewe. Nikataka kusimama nitoke. Magoti yakakataa, nikaanguka kifudifudi nikavuta pazia lote chini.

Malunde alikuwa barabarani, akasikia kishindo. Akasema, "Hodi." Tangu nimjue hakuwahi kupiga hodi mlangoni kwangu.

"Mtani," akasema, "nikubebe, au nitakuwa nimekukosea tena?"

Nikamtazama. Mzee naye alikuwa amekonda. Nikasema, "Beba, Mnyamwezi. Si ndiyo kazi waliyowaachia babu zenu, kubeba mizigo mpaka Bagamoyo?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Mwanahawa akacheka, mwalimu akajifunika uso kwa kilemba. Halafu Malunde akaniinua, akanipeleka kwenye lori lililokuwa linakwenda mjini.

Hospitali daktari akanifunua macho, akatikisa kichwa. "Bibi, una safura. Minyoo imeingilia miguuni kule kwenye matope, imekunywa damu yako. Hiyo tunayo dawa yake. Vidonda navyo vitapona. Magoti ndiyo sijui."

"Nitatembea?"

"Sijui, bibi. Itategemea utavumilia vipi."

Nikapewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu, choo kikawa cheusi kama masizi. Vidonda walivisafisha kila siku, nikilia. Lakini magoti! Muuguzi aliweka mifuko ya mchanga juu yake ili yanyooke, na kila siku akaongeza mchanga kidogo. Nimezaa watoto sita, na sijaona uchungu kama ule. Siku moja nikasema basi, niacheni nilivyo. Siku hiyo hiyo Malunde akaja kunitazama.

"Nimesikia umechoka," akasema. "Sawa. Ila nikuambie, mimi mzee, mgongo umekwisha. Nimekubeba mara mbili. Mara ya tatu sibebi. Mara ya tatu utanijia mwenyewe kwa miguu yako."

Nikamtukana tusi ambalo sitalirudia mbele yenu. Kisha nikamwita muuguzi alete mchanga.

Nilianza kwa hatua tatu, nikishika kitanda. Halafu mpaka dirishani. Nilirudi nyumbani kwa fimbo mbili, na nyuma ya nyumba nikakuta ua. Ua kamili, wa makuti, na kibao cha kukalia kwenye jua. Malunde alikuwa amekata miti na kusuka makuti peke yake muda wote niliokuwa nimelazwa, mzee aliyesema mgongo umekwisha. Bibi wengine wa mstari wetu wakawa wanakuja kukaa humo. Kumbe nao walikuwa wamejifungia ndani, kila mmoja na lake. Leo kila nyumba ya mstari wetu ina ua.

Kwa hiyo nawausia. Mzee akihamishwa, bati na unga mpeni, Mungu atawalipa. Lakini muulizeni pia atakaa wapi mchana, na moyoni anahesabu nini. Na wewe mzee mwenzangu, jambo la dini likikutatiza muulize anayejua, usijihukumu mwenyewe gizani. Uchungu wa mchanga unapita. Namshukuru Mungu, nawashukuru daktari na muuguzi wake, na mwanangu Mwanahawa aliyeosha vidonda ambavyo mimi mwenyewe sikuweza kuvitazama.

Malunde nimemwacha mwisho. Mmemzika juzi juzi tu, mlikuwapo. Siku ile ya maziko nilivuka barabara na fimbo moja, nikasimama mlangoni kwake alipokuwa amelazwa. Watu wote wakageuka, maana mtani amefika. Nikasema kwa sauti, "Mnyamwezi mvivu, mpaka saa hizi umelala? Ulisema mara ya tatu nikujie kwa miguu yangu. Haya, nimekuja. Mbona huamki ukaona?"

Watu wakacheka, kama inavyotakiwa. Nami nikacheka nao. Halafu nikalia, nikalia sana, nimesimama wima muda wote.