Salamu ya "niaje" iliyokuwa imeshikilia code yetu yote

Wakuu, habari za mchana. Hiki ni kisa changu mwenyewe na sijakiongezea chumvi. Mwenye shaka amuulize Otieno, ingawa bado amenikasirikia kidogo.

Mimi na Otieno tunaandika library ya lugha ya C, open source (yeyote anaweza kuitumia bure), ya kusoma mizani ya maziwa. Mkulima anaweka mtungi, kompyuta ndogo inasoma kilo. Kazi tunaifanyia kwangu Kaptembwo, na release ya kwanza, yaani kuitoa kwa umma, ilikuwa imekaribia.

Sasa, ndani ya code kulikuwa na mstari mmoja ambao Otieno aliuweka akitafuta bug, yaani kosa kwenye code. Kazi yake ni kuandika "niaje", ile salamu ya vijana, kwenye skrini kabla ya kusoma uzito. Basi.

Ukiutoa, kilo zinaharibika. Ukiurudisha, kila kitu shwari.

Wanaojua C mmeshaanza kucheka. Kwa wengine, hiyo ndiyo undefined behavior: umeandika kitu ambacho lugha haikukuahidi matokeo yoyote. Leo unapata jibu sahihi, kesho takataka, na compiler, programu inayotafsiri code, haina habari na wewe.

Nilimwomba tutafute chanzo, akakataa katakata. Juu ya ule mstari alikuwa ameandika comment: USIGUSE. Alisema tutoe release, halafu twende Kikopey tukale nyama kama watu wengine.

Nikaona dawa ya huyu ni mtu mzima.

Mathe Jeruto ni mama anayesimamia kituo cha kukusanya maziwa upande wa Njoro, na alikuwa amekubali tujaribu mashine kwake. Otieno akiwa anaunganisha nyaya, nilimnong'oneza mathe kwamba mashine ya huyu kijana haina adabu, aangalie vile itamsalimia. Sikusema zaidi.

Mzee mmoja akaweka mtungi wake. Skrini ikaandika niaje, kisha kilo ishirini. Sahihi kabisa.

Mathe akavua miwani. "Huyu ananiambia niaje ni nani? Tulisoma na yeye?"

Wakuu, Otieno amelelewa vizuri. Hawezi kubishana na mama wa rika la mamake. Akafungua laptop akiomba msamaha, akabadilisha salamu ikawa "Habari yako mama", aka-compile, mzee akaweka mtungi tena.

Kilo hasi mia tatu na kitu.

Yaani mzee ndiye anadaiwa maziwa. Nilicheka hadi nikageukia ukuta.

Kicheko kiliisha haraka. Mzee alibeba mtungi wake akaelekea mlangoni, na waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakaanza kubeba yao. Hao ni wakulima ambao mathe mwenyewe aliwabembeleza waiamini mashine.

"Hawa wakienda kwa broker wa maziwa hawarudi," akatuambia. "Mnitengenezee hii kitu ama mnitolee hapa."

Niliona haya. Nilitaka tu kumkomesha Otieno, sikufikiria kwamba ni jina la mathe lingechafuka.

Tukakaa chini wote wawili, tukapitisha code kwenye Valgrind, ile programu ya kukagua memory. Ikaonyesha variable ya gramu, yaani nafasi ya kuwekea gramu zinazozidi kilo. Mizani ikituma kilo kamili, code yetu haikuijaza nafasi hiyo, kwa hivyo ilisoma chochote kilichobaki kwenye memory. "Niaje" ilikuwa inaacha sifuri hapo kwa bahati tu. Salamu ya heshima ikaacha uchafu.

Tukaipa sifuri mwanzoni. Otieno akafuta salamu na USIGUSE yake kwa mkono wake.

Mathe akamfuata mzee nje, akarudi naye. Kilo ishirini. Mzee akainua mtungi, akaurudisha. Ishirini. Akauliza shida ilikuwa nini, na Otieno akamweleza polepole.

"Kwa hivyo ile mara ya kwanza ikisema ishirini, ilikuwa inabahatisha?"

Otieno akakubali. "Ndio, mzee."

"Na mngetuachia hivyo hivyo."



Release tuliisogeza mbele, tukakagua library yote, na bug zingine za aina hiyo zikatoka, nyingine zangu. Nilichojifunza: code inayofanya kazi bila wewe kujua ni kwa nini, bado haijafanya kazi. Kuna mtu atakuja kuiwekea mtungi wake.

Haya, na nyinyi wakuu, ni mstari gani kwenye code yenu mnaogopa kuugusa? Mwageni hapa chini, nitajaribu kutocheka.