Leseni Iliyokwisha Ndani ya Eda

Leseni yangu ya udereva ilikwisha muda nikiwa nimekaa eda, kwenye mkeka chumbani, Kariakoo, na gari lenyewe liko nje ya dirisha. Nililisikia kila lilipowashwa. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuwa akilivuta kwa gia ya kwanza mpaka linalia, nami ndani nauma meno.

Gari lile lilikuwa na kazi moja ya maana: kumpeleka mama mkwe wangu hospitali kusafishwa damu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Figo zake zilikuwa zimekataa kazi. Kwa bajaji alikuwa hapendi hata kusikia. Akitoka kwenye mashine hutapika na miguu haimbebi, naye ni mwanamke wa Kariakoo ya zamani, hajatoka nje siku hata moja bila buibui lililopigwa pasi. Mtu baki amwone ameinamia ndoo? Bora afe. Mimi sikuwa mtu baki. Ndoo nilikuwa naishika mimi, na gari nilikuwa naliendesha mimi, polepole, nikikwepa mashimo na mikokoteni kama niliyebeba mayai.

Kwetu ni Mombasa. Nilikuja Dar bibi harusi, na mtaa mzima ulinicheka nilipoita mkate boflo. Wakazoea, kisha wakasahau. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; jembe langu nilikabidhiwa mapema na nililima bila kulalamika. Nami nikasahau. Dini moja, lugha moja, hata pilau ni lile lile, sasa ugeni uko wapi? Ulikuwa kwenye makaratasi tu, na makaratasi alikuwa nayo mume wangu. Kibali changu cha ukaazi kilipokaribia kwisha alinichukua mpaka ofisini, akasema huyu ni mke wangu, muhuri ukagongwa, tukapita kunywa supu, tukarudi nyumbani. Leseni tukaifuatilia baadaye. Sikuwahi hata kuuliza kwa nini vyote viwili huisha pamoja.

Alianguka dukani asubuhi akishusha mzigo. Alifika hospitali ameshakata roho. Jioni tulimzika, na usiku huo mama mkwe wangu akaniingiza chumbani, akanivua bangili kwa mikono yake mwenyewe, akalia kidogo, akafunga mlango.

Wanaojua eda wanajua. Mjane hajipambi, hajitii manukato, anakaa nyumbani kwake miezi minne na siku kumi. Lakini kuna eda ya kitabu na kuna eda ya mtaa, na ya mtaa ndiyo kali. Nilizuiwa hata kusimama uani wakati muuza maji anapita.

Siku moja nikitafuta kanga kwenye sanduku nilikutana na kile kibali. Nikasoma tarehe. Kilikuwa kimebakiza siku chache. Nikamwendea mama mkwe wangu, aliyekuwa amejilaza siku ile baada ya hospitali, nikamweleza kwamba lazima nitoke, mara moja tu, mchana, nikatoe taarifa ofisi ya vibali.

"Mwanangu hajakauka kaburini," akasema, "wewe ushataka kutoka?"

"Mama, ni karatasi tu. Naenda na kurudi."

Shemeji, kwa wema wake, alikwenda kumuuliza sheikh wa msikiti wa jirani. Sheikh akasema mjane mwenye haja ya lazima anaruhusiwa kutoka mchana, alale nyumbani kwake. Jibu lilipofika, mama mkwe wangu alilisikiliza mpaka mwisho.

"Sheikh ana dini yake," akasema. "Mtaa nao una macho yake. Watu watasema alikuwa anangoja afe."

Ningeweza kubisha. Ulimi ninao, mume wangu alikuwa akisema ningezaliwa mwanamume ningekuwa wakili. Lakini yule alikuwa amefiwa na mwanawe, na mimi nilikuwa nimechoka, na moyoni nilijiambia: nani atanifukuza mimi? Nikarudisha kibali sandukuni.

Eda ilipokwisha nikaoga, nikavaa, nikaenda moja kwa moja ofisi ya leseni. Shemeji alikuwa ameshachoka na safari za hospitali. Biashara yake inasimama, na mara moja alimsahau mama yake kwenye benchi mpaka jua likazama. Niliapa haitatokea tena. Kijana wa dirishani alinipokea vizuri, akaangalia kompyuta yake, akaniuliza kibali kiko wapi. Nikampa.

"Hiki kimeisha, dada. Leseni ya mgeni inafuata kibali. Ukipata kibali kipya, hapa kwangu ni kazi ya siku moja."

Nilimwambia mimi si mgeni. Akatabasamu kwa adabu, nami nikaona nimejiaibisha.

Ofisi ya vibali nilikwenda na mama mkwe wangu. Alisisitiza mwenyewe. Alikuwa mwenyeji, mzaliwa, ana kitambulisho. Atasimama aseme huyu ni mwanangu, na mambo yatakwisha. Ilikuwa Alhamisi, siku yake ya nafuu. Alijifukiza udi, akavaa viatu vya harusini.

Ofisa alikuwa mama wa makamo, amejitanda mtandio mweupe. Akamwamkia mama mkwe wangu shikamoo, akatusikiliza wote wawili bila kutukatiza. Kisha akanigeukia.

"Kibali chako kilikuwa kinamfuata mume. Ungekuja kabla hakijaisha, tungekuongezea muda, ukae hapa hapa huku mama anakuwa mwenyeji wako. Sasa umepitiliza. Itabidi utoke nchini, uombe upya ukiwa kwenu."

"Nirudi lini?"

"Siwezi kukudanganya. Wengine wiki kadhaa, wengine miezi."

"Alikuwa eda!" Mama mkwe wangu aliinua sauti mpaka watu kwenye foleni wakageuka. "Mjane anatoka wapi na eda?"

Yule ofisa hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Poleni sana, mama. Lakini kwa dharura kama hii si anaruhusiwa kutoka mchana? Mimi mwenyewe nilifiwa. Nilitoka, nikarudi."

Mama mkwe wangu akaanza kuunyoosha mkono wa buibui lake, ule unaofunika mishipa iliyovimba kwa sindano, akaunyoosha na kuunyoosha. Mimi nikapewa mpaka Jumapili.

Nyumbani alivua vile viatu vya harusini. Aliomba uji, nikampikia. Nilikuwa na hasira, na sitaipaka sukari: nilitwanga kitunguu saumu siku ile kama kina ugomvi na mimi. Nilichotaka ni aseme tu. Aseme, mwanangu, nilikukosea. Basi. Nilipita mbele yake mara nyingi bila sababu ili nimpe nafasi, naye akauangalia uji wake mpaka ukapoa.

Asubuhi ya Ijumaa shemeji hakupatikana. Mzigo wake ulikuwa umefika, simu imezimwa. Mama mkwe wangu alikuwa ameamka amevimba uso, anahema kama aliyepanda ghorofa, na kila mwenye mgonjwa wa figo anajua maana yake. Nikasema nitaita bajaji.

"Endesha," akasema.

"Mama, sina leseni."

"Endesha wewe."

Nikaendesha. Sitasema sikufurahi. Mikono yangu iliujua ule usukani, na kwa dakika chache, tukitoka katikati ya wabeba mizigo na marobota ya mitumba, niliona kama mambo yako vile vile na mume wangu yuko dukani. Tulipofika mtaa wa Gerezani, kabla ya njia ya mabasi ya mwendokasi, trafiki akanyoosha mkono.

"Habari za asubuhi, dada. Leseni."

Nikampa ile iliyokwisha. Akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena. Nikamweleza: mgonjwa, mashine, kibali, eda. Nilieleza vibaya, nikianzia katikati. Akainama akachungulia ndani.

"Shikamoo, bibi."

Mama mkwe wangu hakuitikia marahaba. Alikuwa amekunja kanga yake mdomoni. Kisha akaitoa.

"Mimi ndiye niliyemzuia," akamwambia. "Alitaka kwenda, mimi nikamkataza. Nilisema watu watasema."

"Kwenda wapi, bibi?"

Neno nililolisubiri usiku kucha limekuja, na amepewa trafiki, asiyejua linahusu nini, anayetazama foleni ya magari nyuma yetu. Nilitaka kumgeukia nimwambie yamekwisha, Mama, lakini nilikuwa bado na hasira, na yeye angejua kama naongopa.

Trafiki hakuwa mtu mbaya. Alisema hawezi kuniachia niendeshe, gari lisogezwe pembeni lisubiri mwenye leseni, na yeye mwenyewe akatusimamishia bajaji. Tukamwingiza mama mkwe wangu kwa kumshika huku na huku, mimi na dereva wa bajaji, mtu baki kabisa. Njiani akatapika. Hatukuwa na ndoo. Dereva akasimama, akatupa kipande cha kitambaa cha kufutia kioo, akaangalia upande mwingine kwa heshima. Mama mkwe wangu alijifuta, akavuta mtandio ukafunika uso mzima, na hakuuinua tena mpaka tulipofika.

Mashine yake alikuwa ameshapewa mgonjwa mwingine. Nesi akasema tukae, ikipatikana nafasi mchana ataingizwa, ingawa haitakuwa kwa saa zake zote. Tukakaa benchini. Nikamlaza kichwa begani kwangu. Kilikuwa kizito, chenye joto.

"Unaondoka lini?" akauliza, na alikuwa anajua.

"Jumapili, Mama."

Akafumba macho. Nilidhani amelala.

"Na Jumatatu?"

Nikamwangalia nesi, nikauangalia mlango.