Mutarudia

Jibu la chuo kikuu cha ng'ambo lilifika Jumamosi mchana, mwezi wa kumi na mbili, nikiwa natafuta ndoo. Paa letu hapa Bagira, mtaa wa mlimani juu ya ziwa, huvuja mahali papya kila msimu, na nyumbani kwetu mimi ndiye mtaalamu wa ndoo. Binti yetu alikuwa ameketi mlangoni na simu, mahali pekee ndani ya nyumba ambapo mtandao hutukubali.

"Papa, baliandika."

Alikuwa ameomba nafasi mapema, kabla ya umati, kwa kuwa chuo hicho kina desturi ya kuwajibu mapema wanaowahi. Alitaka kusoma jiolojia; tangu amalize sekondari hakuwa na mazungumzo mengine. Nikachukua simu, nikavaa miwani, nikasoma kwa ile sauti yangu ya darasani. Walimshukuru. Walimsifu. Kisha wakasema uamuzi juu ya ombi lake umekuwa "ajourné".

Kwa mtu aliyesoma chuo kikuu nchini kwetu, neno hilo halihitaji kamusi. Ajourné ni yule ambaye jina lake limebandikwa ukutani upande wa walioanguka, akarudi nyumbani kwa njia ya nyuma ili majirani wasimwone. Mimi mwenyewe niliwahi kuitwa hivyo, katika somo la mantiki, jambo ambalo mke wangu huona linaeleza mengi.

"Pole, mwanangu," nikasema. "Kuanguka si kufa."

"Sikuanguka, Papa. Balisema ningoje. Bataangalia tena, pamoja na bale bengine."

"Ile iko adabu tu. Ni kukatala kwa upole."

Akaingia chumbani, akafunga mlango. Nami, baba mwema, nikaketi kutunga mipango ya akiba: ukatibu, ualimu, duka la dawa la binamu yangu. Yote ilikuwa mizuri, na yote ilianza kwa kusahau jiolojia.

Mke wangu aliporudi kutoka mazoezi ya kwaya, akauliza kwa nini nyumba imenyamaza kama ya msiba. Nikamweleza. Akacheka mpaka akatafuta kiti.

"Baba zako badogo balikuja kwetu Walungu mara ngapi, juu yangu?"

"Mara mbili."

"Na mara ya kwanza papa yangu alibaambia nini?"

Nilijua. Baba zangu wadogo walikuwa wamebeba kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kwenda kuniombea mchumba. Wenyeji waliinywa yote, wakaisifu, kisha mzee akapangusa midomo, akasema, "Tumewasikia. Mutarudia." Yaani, njooni tena siku nyingine: si ndiyo, si hapana. Nyumba inayosema ndiyo siku ya kwanza ni kama inayotaka kumwondoa binti yake haraka. Na inayotaka kukataa haigusi pombe.

Binti yetu alikuwa amefungua mlango wake kidogo. Mama yake akamgeukia.

"Weye, bale bantu ya chuo, pombe balikunywa?"

Akafikiri. "Balikunywa, Maman. Na balisifia."

"Basi utarudia. Lakini usirudie mikono mitupu. Papa yako, mara ya kwanza, alikuwa na diplome tu. Mara ya pili balileta habari mupya: amepata kazi ya kufundisha."

"Na kama bangekatala?"

"Baba zake badogo habakuwa bajinga. Mu njia ya kurudia, balipitia kwanza ku nyumba ingine yenye ilikuwa na binti. Walungu haina siri."

Hivyo, baada ya miaka yote ya ndoa, nikajua kwamba nafasi ya mke wangu ilikuwa imewekewa mbadala.

"Alikuwa nani?" nikauliza.

"Anauzisha mihogo. Yeye alipona."

Wiki iliyofuata binti yetu alijiandikisha hapa hapa mjini, idara ya jiolojia, siku za mwisho za usajili, bila kununa. Kisha akaniita nyuma ya nyumba nimshikie kamba. Alikuwa na habari mpya.

Kabla ya mvua kuanza, alikuwa amepigilia vipande vya nondo kukatiza mteremko, kutoka mwamba mmoja hadi mwingine, katika mstari ulionyooka kama rula. Mimi niliona ni mchezo. Kimoja nilikianikia soksi. Sasa tukavuta kamba kutoka mwamba hadi mwamba. Nondo za mwisho, huku na huku, ziligusa kamba. Za katikati zilikuwa zimeshuka: hii kiganja kimoja, ile viwili. Mstari ulikuwa umekuwa upinde.

"Mulima iko inatembea, Papa."

Nikainama, nikapima mwenyewe kwa kiganja changu. Hatukuwa tumesikia chochote. Kuku walikuwa wanadonoa, migomba imesimama, na ardhi yote hiyo ilikuwa safarini kimyakimya kuelekea ziwani, ikiwa imetubeba na vitabu na ndoo zetu. Ufa wa sebuleni, ambao kwa ajili yake niliwahi kuandika insha nzima kuhusu kuporomoka kwa maadili ya mafundi waashi, haukuwa wa fundi. Kicho nilikizoea kanisani, nikiwa nimeinua macho. Siku ile nilikikuta chini, kwenye nondo yenye kutu na soksi yangu, na kwa msichana aliyeipigilia kabla hajaulizwa na yeyote.

Akapiga picha, akaandika nusu ukurasa, akatuma kwa chuo cha ng'ambo. Nilikuwa nimempendekezea sentensi tatu kuhusu ndoto ya maisha yake. Hakuitumia hata moja. Kisha akaendelea na masomo ya hapa kwa moyo wote, si kwa nusu yake, na kila Jumamosi akarudi kwenye nondo. Mimi kuangalia sufuria mbili kwa pamoja jikoni hunishinda.

Jibu lilikuja mwezi wa tatu. Simu ilikuwa kwangu. Nilipoona jina la chuo, nikateremka mbio, sehemu ya safari kwa makalio.

"Balijibu!"

Alikuwa amechuchumaa kwenye mwamba. "Papa, shika kamba kwanza."

Nikashika. Akapima nondo baada ya nondo, akaandika, akafuta mikono kwenye majani. Ndipo akasoma, na uso wake haukuniambia kitu. Akanirudishia simu, nikasoma kwa sauti ya darasani, mara mbili. Walikuwa wamemchukua.

Sasa yuko huko. Huku tumechimba mifereji alivyotuelekeza, tumepanda majani yenye mizizi mirefu, na Jumamosi mke wangu hushika ncha moja ya kamba, mimi nyingine. Juzi nilipima kwa makini sana, nikatuma picha, nikangoja sifa. Jibu lilikuja kabla hatujapanda kurudi nyumbani:

"Papa, Maman, kamba imelegea. Mutarudia."