Nani Anayetuharibia Mapigo?

Mimi napiga fidla katika kikundi chetu cha taarab tangu kabla ya Mapinduzi, na sijaambiwa hata siku moja kwamba nakosea. Ndiyo maana yaliyonifika Jumapili, harusini Mpendae, bado yananichoma.

Tulikaa juu ya jukwaa la mbao. Katika wimbo wa kwanza nikasikia kishindo kinakimbia mbele ya muziki: du, du, du. Nikamgeukia Seif, mpiga dumbak wetu, ile ngoma ndogo ya mkononi, ambaye pia ni kaka wa mke wangu.

"Seif, unakwenda mbio! Unatuharibia!"

"Mimi? Nnapiga sawasawa, shemegi."

Sawasawa! Ananikatalia, nami masikio nnayo! Kadiri nilivyokasirika, ndivyo kishindo kilivyozidi. Wimbo ulipokwisha nikasimama mbele ya wanawake wote waliokuja kututunza pesa, nikatangaza kwamba sipigi tena na mtu asiyejua mapigo.

Seif hakubishana. Aliweka dumbak chini, akakunja mikono kifuani.

"Haya, pigeni bila ya mimi."

Tukaanza tena, na kishindo nacho kikaanza, kikali kuliko mwanzo. Nikamtazama Seif. Mikono ilikuwa bado kifuani. Nikawatazama wenzangu, wote wananitazama mimi.

Bi Asha, mwimbaji wetu mtu mzima, akakatisha wimbo, akaelekeza upepeo wake kwenye kiatu changu cha kulia, kilichokuwa kinatwanga mbao kama mchi.

"Mwanangu," akasema, na ukumbi mzima ukamsikia, "huyo ndiye umfukuze."