Ombi Langu la Japani

Kanisani kwetu Wakongo wa Buffalo, kila Jumapili tunasimama kutaja mahitaji ya maombi. Jumapili moja mimi, mwanaume mzima mwenye ndevu, nikasema: "Mniombee jambo langu la Japani."

Niliona haya kueleza kwamba ni treni ya bustani ya michezo, ile inayopinduka angani. Mashabiki wenzangu mtandaoni walidai itaundwa upya bila mzunguko wa kichwa chini, na mimi nilikuwa sipati usingizi.

Kumbe kanisa zima lilishaamua ni mchumba. Mama Furaha, kiongozi wa maombi, akafunga siku tatu.

Jumapili iliyofuata akanishika mkono mbele ya wote. "Bon, Espoir, amekubali? Tuonyeshe picha!"

Nikamwonyesha kwenye simu reli mpya za treni ile, za rangi ya waridi.

Akageuza simu juu chini. "Donc nimeshinda njaa siku tatu sababu ya bembea?"