Boti Isiyo na Mwanya

Mume wangu ukimpa mbao mbili anakurudishia moja, usione zilipoungana. Ndivyo anavyosifiwa Mpanda, na mimi nilikuwa nazisikia sifa hizo huku mlango wa jiko langu unaning'inia kwenye bawaba moja mwaka wa nne. Ni seremala. Vitanda, makabati, milango ya makanisa, vyote vimetoka kwenye uwanja wetu hapa Kawajense. Akimaliza kuunga kitu anakuja kung'oa unywele kichwani kwangu, anajaribu kuupenyeza kwenye maungio. Usipopita, anacheka peke yake. Ukicheka na wewe, anakuuliza unacheka nini.

Boti ilianza na safari ya Karema. Aliitwa huko ziwani kufunga milango ya nyumba ya wageni, akakaa wiki mbili, akarudi kama mtu aliyeibiwa akili. Nikadhani ni mwanamke. Heri angekuwa mwanamke, ningejua pa kumkamata. Kumbe alimkuta mzee mmoja mstaafu ametia nanga pale na mkewe, kwenye boti ya mbao ya tanga yenye kijumba ndani, na wanaishi humo humo. Wanapanda hadi Kigoma, wanashuka hadi Kipili, wakichoka wanasimama.

"Hata mafuta hawanunui," akaniambia. "Ni upepo tu. Mama yule anakaanga mayai ndani, na kikaango hakitikisiki."

Hicho kikaango nilisimuliwa mwezi mzima. Mimi ni mtoto wa mpunga, nimezaliwa Mpimbwe, maji ninayoyajua mwisho wake magotini. Nikamuuliza, "Kwa hiyo?" Akasema, "Kwa hiyo nitaunda." Hakuniambia twende wote. Kwetu mwanaume haombi, anatangaza. Na mimi nami nina kiburi changu: kumuuliza mume wangu kama nimo kwenye safari yake, ningekufa kwanza.

Akalaza mkuku, ule mti mkubwa wa chini, kuanzia karibu na choo mpaka kwenye kamba yangu ya kuanikia nguo. Ramani aliitoa kwenye video za simu, akaichora kwa penseli ya useremala ukutani, nje ya chumba chetu. Mataruma, yaani zile mbavu za ndani, aliyatengeneza kwa mninga. Mbao za ubavu zilikuwa za mti uitwao mtundu. Alizianika kiangazi kizima, kisha na kingine, mpaka ukizigonga zinalia. Halafu akaziunga kama anavyounga kabati. Kila ubao uliketi juu ya mwenzake, na kwa kila ubao alikuja kutafuta unywele.

Watu walimcheka, na nani angewalaumu? Ziwa liko zaidi ya kilomita mia kutoka uwanjani kwetu. Wanafunzi walikuwa wakipita wanapiga kelele, "Mzee, mvua inaanza lini?" Jirani yetu Msukuma, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, alikuja akaizunguka, akaigonga kwa fimbo, akasema, "Zizi zuri, mzee. Ila mlango wake mwembamba." Akaondoka zake.

Mimi nilicheka kuliko wote. Nilikuwa na ulimi enzi hizo. Siku ulipotakiwa sijui uliingia wapi. Nikimpelekea chai nasema kwa sauti, wateja wake wasikie, "Nahodha, chai hiyo, usije ukazama." Jina likashika. Mtaa mzima ukamwita Nahodha, hata padri. Yeye anakunywa chai yake, anarudisha kikombe, anachukua randa. Hakunijibu hata siku moja, na hilo ndilo lilinichoma roho. Mtu ukimtukana akinyamaza unaona kama hayupo, kama ameshaondoka.

Jumapili moja alikwenda msibani Mwese, barabara za huko mnazijua, nikajua harudi leo. Nikapanda ngazi nikaingia ndani ya boti. Nilikuwa sijawahi. Jamani. Nisiseme uongo: ilikuwa nzuri kuliko nyumba yangu. Kulikuwa na meza inayokunjwa, rafu zenye ukingo vyombo visianguke, kidirisha cha duara. Harufu ya mninga uliotoka kwenye randa ilinipanda mpaka machozi yakanilenga. Nikajilaza kitandani. Hapo ndipo nikajua.

Kitanda kilikuwa kimoja. Chembamba. Nilikipima kwa mkono, shubiri tatu na kidogo. Chini yake kulikuwa na droo ndefu, nikadhani ya nguo. Nikalala pale chali, nikaona: miaka thelathini na mmoja ya ndoa, watoto wamekwenda Dar, na huyu mwanaume ameunda kitanda cha mtu mmoja. Nikashuka. Jioni ile nilikula ugali wote peke yangu kwa hasira.

Haikupita wiki mbili akaja mama muuza samaki. Huyu mama anatoka Karema, analeta migebuka na dagaa nyumba kwa nyumba, na mume wake ni fundi maboti huko huko. Mume wangu hakuwepo, alikuwa Magamba kwenye mbao. Mama akatua beseni, akaiendea boti. Hakucheka. Alikuwa mtu wa kwanza kutocheka. Akapitisha ukucha kati ya ubao na ubao.

"Mama, mbona hakuna pa kushindilia pamba?"

"Pamba ya nini tena?"

"Ubao mkavu ukinywa maji unanenepa," akasema. "Unaacha mwanya, unashindilia pamba yenye mawese, ubao ukinenepa unaibana pamba. Sasa hizi zimebanana hivi, zikinenepa zitakwenda wapi? Zitasukumana mpaka zivunje mbavu. Mwambie mzee azikwangue kabla ya rangi. Bado hajachelewa."

"Nitamwambia," nikasema. Nikanunua migebuka mitatu. Nikaipika na nyanya chungu. Mume wangu akarudi, akala, akaisifu, na mimi sikusema.

Nisijitetee kwamba nilisahau. Nilinyamaza kwa makusudi. Nilitaka ivunjike. Nilitaka arudi kutoka huko ziwani amelowa, anikute nimesimama kwenye ule mlango wa jiko wenye bawaba moja, nimwambie, "Karibu, Nahodha." Maneno nilikuwa nayo tayari, nilikuwa nayafanyia mazoezi nikiosha vyombo. Tena nilijiambia kwamba yeye mwenyewe anajua, si kila masika anaitwa mitaani kuranda milango iliyovimba? Lakini aliiamini rangi yake. Akaipaka mikono minne, nyeupe, na mstari wa bluu. Mimi nilishika kopo.

Fuso liliibeba. Tulibomoa ukuta wa uwani, Kawajense yote ikaja kutazama, na safari hii waliocheka walikuwa wachache. Nami nikapanda mbele kwa dereva. Nilikuwa naenda kushuhudia.

Karema, boti iliposhushwa ufukweni juu ya magogo, watu wakajaa. Akatokea yule fundi maboti, mume wa muuza samaki, mtu wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza. Akapitisha ukucha vile vile kama mkewe. Wanafanana hao.

"Mzee, usiitie majini hii," akamwambia mume wangu. "Haina mwanya. Nipe miezi miwili nikukwangulie."

"Mimi nimeunga mbao miaka arobaini."

"Umeunga makabati. Halafu mke wangu alishamwambia mama huyu, huko kwenu." Akaninyooshea kidole.

Mume wangu akageuka. "Uliambiwa?"

Watu wote wakanitazama, wanawake, watoto, dereva wa Fuso. Neno moja tu lilitakiwa. Nikasema, "Mimi? Mimi naelewa nini mambo ya maboti? Tuliongea bei ya dagaa."

Akanitazama kidogo, kisha akamgeukia fundi. "Mke wangu ana ulimi mkali, mtaa mzima unajua. Ila kunidanganya hajawahi."

Na ilikuwa kweli, mpaka dakika ile. Fundi akainua mabega. "Haya. Mbao zako."

Mume wangu akanishika mkono, kitu ambacho hafanyi mbele za watu. "Panda kwanza, mama. Kuna kitu." Nikapanda. Ndani, ukutani, kulikuwa na kikaango kipya kimetundikwa. Akainama kwenye ile droo niliyodhani ya nguo, akavuta kishikio. Kitanda kikatoka taratibu, miguu miwili ikajishusha yenyewe, kikawa kitanda cha futi tano, na katikati pale kilipoungana ungetafuta unywele upite usipate.

"Nilijua utakuja kuchungulia, ndiyo maana nikakificha," akasema, anacheka kama kijana. "Upande wa kidirisha ni wako. Usije ukasema joto."

Nafasi bado nilikuwa nayo. Boti ilikuwa juu ya magogo, maji yako hatua ishirini. Lakini kumwambia sasa ilikuwa kumwambia mambo mawili, la mbao na la kwamba nimemdanganya, naye ametoka kunitetea mbele ya kijiji kizima. Nikasema, "Kizuri."

Wakaisukuma. Ikaelea, wallahi, ikaelea kama bata. Akapandisha tanga, upepo ukalishika, na ile kelele yote ya ufukweni ikabaki nyuma. Nilidhani nitaogopa. Sikuogopa. Hakuna injini, hakuna honi, unasikia maji yanapita upande wa pili wa ubao, karibu kabisa na sikio lako, na milima ya Kongo mbele haisogei wala haiishi. Mume wangu amekaa nyuma, mkono kwenye usukani, amevua viatu. Sijawahi kumwona amevua viatu akiwa kazini. Nikakaanga mayai. Kikaango hakikutikisika.

Alinyanyua ubao wa sakafu akapapasa chini: pakavu, hata tone. "Umeona?" akasema. Nikaanza kumwomba Mungu, na mimi si mwombaji wa bidii, kwamba yule mama awe mwongo. Nilimwomba kwa moyo wote. Nilikuwa nimeipenda ile boti kwa saa tatu kuliko yeye alivyoipenda kwa miaka mitano, nadhani.

Kesho yake asubuhi mlango wa kabati la vyombo ukagoma kufunguka. Akauranda, amekunja uso. Mchana tukasikia *tak*. Kisha *tak* nyingine. Skrubu zilikuwa zinachomoka moja moja, kama bisi kwenye sufuria yenye mfuniko. Akaweka sikio kwenye ubao. Mtu aliyeunga mbao miaka arobaini haambiwi ile ni sauti ya nini. "Zinavimba," akasema polepole. Akageuza boti kurudi pwani, na upepo ule mzuri wa jana haukuwepo.

Siku ya tatu, tukiwa tumeifunga kwenye maji ya kifuani, mataruma manne yalivunjika kwa mpigo. Ubavu ukatumbuka nje kama tumbo, maji yakaingia, ikakaa chini taratibu hadi kwenye kidirisha changu. Mume wangu alisimama majini ameshika ubao kwa mikono miwili, anausukuma urudi mahali pake. Fundi akaja na watu wake, akamtoa. Hakumcheka, na mimi nilitamani amcheke, angalau tungekuwa wawili wenye ubaya.

"Kosa langu," mume wangu akawaambia watu. "Fundi alinionya, nikawa mbishi." Nilikuwa nimesimama pale pale na kikaango mkononi. Yale maneno yangu ya "Karibu, Nahodha" yako wapi?

Mbao zilizopona tulizirudisha Kawajense. Kitu cha kwanza alichofanya nazo ni mlango wa jiko langu. Alikuwa anauranda uwanjani siku yule mama muuza samaki alipokuja tena. Akatua beseni, akaona mabaki yamepangwa ukutani, akasikitika kwa moyo mweupe kabisa.

"Ole wangu, mama. Si nilikwambia siku ile, azikwangue kabla ya rangi?"

Randa ilisimama. Mara moja tu. Kisha ikaendelea, na mume wangu akasema bila kuinua kichwa, "Mpe mgeni maji ya kunywa."

Basi. Hakunipiga, hakunitukana, wala hakuniuliza. Nilimpigia magoti nikamwomba msamaha, nikamweleza na kitanda chembamba na kiburi changu na kila kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya." Angenitukana, nakwambieni nyie mnaosoma, ningeshukuru.

Wiki ile ile alitoa nje kitanda chetu, kile alichonitengenezea tulipooana, akakipasua katikati kwa msumeno. Akaongeza miguu, akapiga msasa, akapaka vanishi vizuri, hakuna pa kumlaumu. Akarudisha ndani vitanda viwili, akavipanga sambamba, na kati yake akaacha uwazi.

"Baba watoto," nikamuuliza, "mwanya wa nini?"

"Mbao zinahitaji nafasi ya kuvimba."

Siku hizi akiunga kitu haji tena kuutafuta unywele kichwani kwangu. Ule mwanya nimeupima, ni vidole vitatu. Masika mawili yamepita. Havijagusana.