Waya Mrefu, Upande wa Masanja

Jumatatu ya kwanza baada ya Pasaka tulimzika Masanja kijijini kwao, nje kidogo ya Shinyanga mjini. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi, lakini ukiniuliza alionekanaje akiwa kazini, sina mengi ya kukueleza. Kazi yetu ilitaka mmoja akae mwanzo wa waya na mwingine mwisho wake. Nilimjua zaidi kwa sauti, kupitia redio ya mkononi.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa kwenye karakana ya umeme ya mgodi mmoja upande wa Kahama. Nilikuwa na kidato cha nne cha kuungaunga na cheti cha ufundi. Msimamizi wa Umeme alinionyesha kisanduku chenye maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja, kilichopima kina cha maji shimoni. Kingine kilikuwa juu, kwenye swichi za pampu.

"Hiki kinaongea, kile kinasikiliza," alisema. "Kazi yako na Masanja ni visikilizane. Basi."

Nilidhani ni kazi ndogo. Vipimo hivyo husafiri kama mapigo ya umeme yanayofuatana, moja nyuma ya jingine. Mezani, waya wa urefu wa mkono unatosha. Ukiuvuta mbali, mapigo hufifia, na mota kubwa zikiwaka hutia kelele zake za umeme humo. Kwa hiyo tulitumia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Umeme wa mmoja ukipanda, wa mwenzake hushuka, na mpokeaji huangalia tofauti tu. Kelele huzipiga zote mbili sawasawa, hivyo tofauti hubaki ileile. Kila mwisho tuliweka rezista ya kumeza mapigo, yasije yakagonga na kurudi kuvuruga yaliyo nyuma yake.

Tabu ilikuwa majina. Kiwanda kimoja kiliandika A pale ambapo kingine kiliandika B. Ukifunga kwa kufuata herufi, umepotea. Masanja, aliyekuwa na mapacha nyumbani, ndiye aliyeamua: waya wenye umeme wa juu wakati hakuna kipimo kinachopita ni Kulwa, mwenzake ni Doto, kama wanawe. Mgodi mzima ukafuata.

Asubuhi moja, baada ya mafundi wa mkandarasi kupita, kisanduku cha juu kikaanza kusoma upuuzi mtupu. Msimamizi akafoka redioni, "Nani kawabadilisha hawa watoto?"

"Hata mama yao huwachanganya, mkuu!" Masanja alijibu kutoka shimoni.

"Mama yao halipwi mshahara hapa. Kila mtu arudi kwake!"

Baadaye tulihamishiwa Geita, chini ya Mhandisi wa Vipimo, mama asiyependa maelezo. "Nionyeshe mita," alikuwa akisema, "maneno weka pembeni." Nilipanga chumba Kalangalala, na mpaka leo naishi humo. Tulipostaafu, mimi na Masanja tulifunga laini moja tu, ya mradi wa maji wa kijiji upande wa Nyarugusu. Kisanduku changu kilikuwa kwenye pampu ya kisima. Chake kilikuwa kwenye tangi, kilimani.

Wiki chache baada ya mazishi, mwenyekiti wa kamati ya maji, Mama Pili, akanipigia.

"Shikamoo mzee. Tangi halijibu. Tunawasha pampu kwa mkono. Leo maji yanamwagika, kesho watu wanapanga ndoo. Kuna fundi analeta kifaa cha laini ya simu. Waya wenu ukipona, tunaendelea nao. Usipopona tunaung'oa."

Nilitaka upone. Hakukuwa na kitu kingine kilichobaki kati yangu na Masanja.

Zamani ningesema redioni, "Wakutanishe." Masanja angeunganisha Kulwa na Doto upande wake, halafu angejibu, "Wamekumbatiana!" nami ningepima upande wangu. Safari hii nilipanda kilimani, nikawakutanisha mwenyewe, nikashuka kupima. Mita ikalia: waya mzima. Nikapanda tena kuwaachanisha, nikashuka. Kutoka kwenye kisanduku changu nikaliita tangi kwa namba yake. Kimya. Nikaita tena. Nikapanda mara ya tatu, nikafungua kisanduku. Chipu ilikuwa imepasuka kwa radi, na ya aina ile siku hizi haipatikani.

Ningeweza kumwambia Mama Pili asubiri, kwamba naitafuta Mwanza. Angesubiri, kwa kuniheshimu, na watu wangeendelea kupanga ndoo.

"Waya ni mzima," nilimwambia. "Kisanduku kimekufa. Chukueni hicho cha simu, ni kizuri."

"Na waya tuuache tu?"

"Ukiachwa umefungwa utaleta radi nyingine mpaka kwenye pampu. Nitaufungua."

"Nikupe mtu akae kule juu, mzee?"

"Hapana, mama. Asante."

Ninyi mnaoanza kazi hii, mtafanya mengi bila waya, na ni heri kwenu. Mimi nilifungua Kulwa na Doto upande wangu, nikazifunga ncha zao kwa tepu. Kisha nikapanda kilimani, nikafungua upande wa Masanja.